Kwa Nyasuguta, mbwa hauzwi mpaka mtoto aonekane

Saa mbili asubuhi, soko la Rodi Kopany halijajaa bado. Nyasuguta Ogeto amepiga magoti kando ya ndizi zake, na vidole vya mkono wake wa kulia vimo mdomoni mwa mtoto wa mbwa mwenye umri wa wiki tisa. Mdomoni humo mna kipande cha utumbo wa ng'ombe. Anakivuta taratibu, anakitoa, anakigeuzageuza kana kwamba anataka kukinunua, kisha anakirudisha. Mbwa anamtazama tu.

Anarudia mara tatu. Mara ya tatu mbwa anachoka na mchezo huo, anaketi na kusubiri chakula chake kirudi.

"Huyu amepita," anasema, huku akipangusa mkono kwenye leso.

Mteja wa kwanza leo ni Marcella, mwenye duka la nguo upande wa pili wa barabara. Yeye hataki aliyepita. Anamtaka yule mweusi, mkubwa kuliko wenzake, anayeng'ang'ania kamba ya tenga na kuitikisa.

"Nipatie hiyo kubwa. Hiyo iko na ukali."

"Kwako kuna watoto wangapi?" anauliza Nyasuguta.

"Wanne."

"Wako wapi?"

"Nyumbani. Nani analeta watoto sokoni kununua mbwa?"

"Basi rudi na wao. Hata mmoja tu. Yule mdogo."

Marcella anageuka kutafuta shahidi wa kichekesho hiki, mfanyabiashara anayefukuza pesa mchana kweupe. Hapati. Watu wa Rodi wamemzoea Nyasuguta, na wengi wao mbwa walio nao nyumbani walitoka kwenye tenga lile lile.

Nyasuguta ana umri wa miaka hamsini na mmoja. Yeye na mumewe, marehemu Ogeto, waliteremka kutoka milima ya Kisii mwaka 1946 kuja kuuza ndizi huku chini, ambako migomba haipendi kukaa. Ndizi ndizo zinazomlisha mpaka leo. Mtoto wa mbwa humuuza shilingi kumi, wakati mwingine kwa kuku wawili, na kwa mwaka hawazidi saba au wanane. Hakuna mtu aliyetajirika kwa mbwa Rodi Kopany.

Kwa nini basi ajisumbue? Jibu lake halina mapambo.

"Mbwa wa kwanza kwangu nilimchagua mimi mwenyewe. Nilitaka mkubwa, mkali, wezi waogope. Tukampa pilipili kwa uji, tukamfungia kwa sanduku mchana, kama watu walivyotuambia. Akakuwa mkali kweli. Lakini hakujua mwizi ni nani."

Huo ulikuwa mwaka 1949. Mwanawe Monari, wakati huo akiwa na miaka minane, aliinama kuokota mpira wake karibu na sanduku lile. Kovu lake linaanzia chini ya jicho la kushoto na kushuka mpaka pembe ya mdomo. Leo, miaka kumi na minane baadaye, Monari ni seremala mjini Migori, ana mke na binti wa miaka mitano aitwaye Kemuma, na hajawahi kuruhusu mbwa aingie uani kwake. Humtembelea mama yake kila mwaka baada ya mavuno. Hukaa siku mbili, na kwa siku hizo mbili Nyasuguta huwapeleka mbwa wote kwa jirani.

"Hajawahi kunilaumu," anasema. "Angenilaumu ningepata la kujibu."

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nyasuguta anaona kwamba waliosema hivyo hawakuwa wakichagua mbwa. Yeye huanza na mama wa mbwa. Tulia, mbwa jike wa rangi ya udongo, huja naye sokoni kila mara na kufungwa kwenye mguu wa meza ili wateja wamwone. Asiyempenda Tulia hana haja ya kuwatazama wanawe.

Kisha mtoto wa mteja huketishwa chini, na watoto wa mbwa hufunguliwa.

"Wa kwanza kumkimbilia mtoto, simtoi. Huyo ana haraka. Anayejificha nyuma ya mama yake, simtoi pia, mwoga ndiye huuma. Natoa yule anakuja wa pili ama wa tatu, ananusa mtoto, halafu analala hapo. Baba hachagui. Mtoto pia hachagui. Mbwa ndiye anachagua, sisi tunaangalia tu."

Nyumbani kwake watoto wa majirani hula wakizunguka sinia moja, na mbwa hulala hatua tatu nyuma mpaka mtoto wa mwisho anyanyuke. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na Nyasuguta haoni kwa nini methali hiyo iishie kwa watu. Kwa miaka kumi na miwili ametoa mbwa zaidi ya sitini. Hawakumbuki kwa rangi wala kwa ukubwa. Anawakumbuka kwa watoto: mbwa wa Nicanor, mbwa wa wale mapacha wa karibu na kinu. Watatu walirudishwa, wote kwa wizi wa mayai. Kwa kuuma hakurudishwa hata mmoja, mpaka siku hii ya soko.

Saa nne inakaribia Jared Otieno anapofika akisukuma baiskeli. Yeye ni fundi wa baiskeli kutoka Homa Bay. Kwenye keria ameketi binti yake Phelesia, wa miaka saba, na vidole viwili vya mkono wake wa kulia vimefungwa bendeji. Nyuma ya baiskeli, kwa kamba ya katani, anakuja mbwa wa mwaka mmoja na nusu mwenye kifua cheupe.

Nyasuguta anamtambua kabla ya kumtambua mwenye baiskeli. Huyo ni mwana wa Tulia. Phelesia alimwita Karani, kwa sababu alikuwa akiketi mbele ya baiskeli za watu kana kwamba ana daftari.

"Nyar Kisii, nimerudisha mbwa yako," anasema Jared. Binti wa Kisii, ndivyo Waluo wa hapa wanavyomwita. "Ameuma mtoto."

Anaeleza bila kupaza sauti. Bwana Mifugo, afisa wa serikali wa mifugo, aliagiza mbwa afungwe siku kumi ili aangaliwe kama ana kichaa. Siku kumi zimepita na kichaa hana. Phelesia alishonwa nyuzi tano hospitalini. Bwana Mifugo amesema, mwenye mbwa akitaka, atakuja na bunduki.

"Nikasema wacha kwanza nipelekee mwenyewe aone. Hii mbwa imefukuza kiboko mara mbili watoto yangu wakienda kuteka maji. Mara mbili, mama. Sasa nifanye nini na yeye?"

Nyasuguta anaichukua kamba, anamleta Karani kando ya meza na kuanza upya, kana kwamba mbwa hajawahi kuuzwa. Anamvuta masikio. Anamkanyaga ukucha. Anamshika mkia na kumrudisha nyuma. Anampa utumbo na kuutoa mdomoni, mara tano, mara sita. Anampa ugali na kuutoa. Karani anatikisa mkia. Watu sasa wamekwisha kusimama duara, maana soko halina kazi nyingine muhimu kuliko hii.

"Basi mtoto ndiye alimchokoza," anaamua Marcella, ambaye hajaenda kuleta mtoto wake. "Watoto ni kuchokoza tu."

"Hata mimi nilifikiri hivyo," anasema Jared. "Nilimchapa kidogo aseme ukweli."

"Sikumchokoza," anasema Phelesia. Anaiambia ardhi.

Kuna watu wanaocheka. Nyasuguta anaacha mbwa na kuchutama mbele ya msichana mpaka wanatazamana ana kwa ana.

"Nyathina, mtoto wangu, siku hiyo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakula."

"Unakula ukiwa wapi?"

"Natembea nikikula."

"Unakula nini?"

"Mumi."

Kwa wakazi wa pwani ya ziwa jibu hilo halina ajabu lolote. Mumi ni kambare, samaki mwenye ngozi laini, na Roselyn, mama yake Phelesia, ndiyo kazi yake kumkausha kwa moshi na kumuuza. Lakini Nyasuguta ni Msabato. Samaki asiye na magamba ni najisi, haliwi wala haingii bomani. Ngege na dagaa wa omena, wenye magamba, huwapika, lakini mumi hajamgusa kwa zaidi ya miaka ishirini. Kwa hiyo hakuna mbwa aliyelelewa kwake ambaye alipata hata kumnusa.

Anainuka, anajifunga leso vizuri na kuelekea upande wa samaki.

Pamela, muuza samaki, anamwona akija na kuweka kisu chini.

"Leo kumekucha kweli. Nyar Kisii anataka mumi?"

"Si ya kula."

"Wote husema hivyo mwanzo."

Mkabala na hapo, Mokaya, mzee wa kanisa la Nyasuguta, anauza mablanketi. Anamwona dada katika imani akipokea kipande cha mumi kilichonona kwa mkono mtupu. Mzee analikunja blanketi moja, analikunjua, kisha analikunja tena.

Nyasuguta anarudi kwenye duara. Anaomba watu warudi nyuma, na Phelesia apandishwe juu ya meza. Anashusha mkono wenye samaki usawa wa kifua cha mtoto.

Karani anaanza kutetemeka. Si mbwa yule wa dakika moja iliyopita. Hangurumi, haonyeshi hasira, anaruka tu na kufumba taya, na samaki ameisha. Kisha analala chini kwa adabu zote alizofundishwa. Chini ya kidole gumba cha Nyasuguta pana matundu mawili yanayotoka damu.

Anayapangusa kwa leso. Mwandishi wa habari hizi alidhani angemgeukia Jared. Anamwendea Phelesia.

"Mtoto wangu, hukumchokoza," anasema, kwa sauti ya kutosha Marcella asikie. "Mimi ndiye nilikosa. Nilimfundisha sheria ya nyumba yangu, halafu nikamtuma kwa nyumba yenu. Nisamehe."

Si mara nyingi mtu mzima anaomba radhi kwa mtoto sokoni, na watu hawajui waangalie wapi. Jared anakagua gurudumu la baiskeli ambalo halina kasoro.

"Sasa?" anauliza baadaye.

"Niachie yeye wiki sita."

"Na akiuma tena?"

"Akiuma tena, mimi mwenyewe nitampeleka kwa Bwana Mifugo. Na sitatoa mbwa tena kwa mtu. Nitauza ndizi."

Hakuna anayecheka. Phelesia, akiwa bado juu ya meza, ana swali lake.

"Ukimrudisha, nani atasema akae kwetu?"

"Wewe. Si baba yako, na si mimi."

Ndivyo mumi walivyoanza kuingia katika boma la Msabato. Pamela aliwaleta kila siku ya soko, akipunguza bei na kuongeza maneno. Nyasuguta alimfunga Karani kwenye mti, akaweka samaki mbali, kisha karibu, kisha kwenye kiganja chake. Wiki ya kwanza aliumwa mara mbili. Wiki ya tatu mbwa alianza kulala chini mwenyewe anaposikia harufu, mate yakimtiririka. Wiki ya tano Nyasuguta alimtoa kambare mdomoni, akamrudishia, akamtoa tena. Siku hiyo, anasema, alilia. Hakuwa na mtu wa kumwambia, akamwambia Tulia.

Mzee Mokaya naye hakukaa kimya. Jumapili moja alifika na wazee wawili, wakakalia viti na kukataa chai mpaka jambo liishe.

"Waliniuliza kama ni kweli nashika najisi kila siku," Nyasuguta anakumbuka. "Nikawaambia kushika nashika, kula sijala. Naosha mikono kwa sabuni na majivu. Nikawaambia pia, Mzee Mokaya, wajukuu wako wanacheza na mbwa wa kwangu."

Mokaya alitafakari. Hatimaye baraza liliamua kwamba samaki akae nje ya ua, mikono ioshwe kabla ya sala, na chai iletwe.

Asubuhi moja, wiki sita kamili baada ya siku ile ya soko, Nyasuguta anashuka kwenye lori la pamba mjini Homa Bay akiwa na Karani. Nyumba ya Jared iko karibu na maji. Uani, Roselyn amepanga samaki juu ya wavu wa moshi, na harufu inamfikia mgeni kabla ya salamu. Karani anainua pua, kisha anamtazama Nyasuguta.

Phelesia anaketi kwenye kigoda, vidole vyake vimepona na vina alama. Mama yake anampa kipande cha mumi. Jared amesimama nyuma ya binti yake akiwa ameshika fimbo. Nyasuguta anamwomba aiweke chini, naye anaiweka, lakini karibu na mguu wake.

Kamba inafunguliwa.

Karani anapiga hatua mbili, na Phelesia anaficha mkono mgongoni. Mbwa anasimama. Nyasuguta anakiri baadaye kwamba hapo aliikumbuka siku aliyompeleka Monari hospitalini. Muda unapita. Kisha mkono wa msichana unarudi mbele, polepole, na samaki anakaa juu ya goti.

Karani anakuja. Ananusa goti, ananusa kidole chenye alama. Uzi wa mate unashuka mpaka chini. Halafu analala kwa tumbo, hatua tatu kutoka kwenye kigoda, na kugeuza uso kuelekea ziwani, kama mtu aliyeamua kutoona.

Phelesia anakula. Hana haraka hata kidogo. Kisha anasimama, kwa kuwa hajawahi kula ameketi, na kuzunguka ua mzima akiwa na samaki mkononi. Mbwa anamfuata kwa macho. Kipande cha mkia kinapobaki, anakiweka chini mbele yake na kurudi nyuma.

"Akae," anasema. Anamwambia Nyasuguta.

Jared anaokota fimbo na kuitupa juu ya lundo la kuni.

"Nilimchapa bure," anasema, bila kumwambia mtu yeyote. Kisha anamtazama binti yake. "Phelesia, nilikuchapa bure."

Siku ya soko iliyofuata, Marcella yuko mbele ya tenga tena. Safari hii amemshika mkono mwanawe mdogo, ingawa anasema wamepita tu. Mtoto anaketi chini. Yule mweusi anamrukia wa kwanza na kurudishwa tengani. Wa pili ana madoa, ananusa, analala.

"Sawa, nichukue huyu," anasema Marcella.

"Bado. Nyumbani kwenu mnakula nini?"

"Nyar Kisii, sasa unataka kujua hata sufuria yangu?"

"Nataka kujua yote. Na nani anakula akitembea."

Hilo ndilo swali jipya, na Nyasuguta anasema hataacha kuliuliza. Uzao ujao wa Tulia anakusudia uonje kila kitu kinacholiwa kuanzia ziwani mpaka milimani. Wazee wa kanisa hawajaarifiwa bado kuhusu kamongo, yule samaki wa matopeni anayefanana na nyoka.

Lakini kuna mtoto wa mbwa mmoja ambaye hayumo tengani. Ni jike, wa rangi ya mama yake, na hauzwi. Nyasuguta anamfungua jioni, nyumbani, baada ya kuosha vyombo. Mezani kuna barua kutoka Migori. Si ya Monari. Ni ya Bathsheba, mke wa Monari, akimjibu mama mkwe swali ambalo huenda lilimshangaza: wanakula ugali na mboga, maharage, na omena mara mbili kwa wiki. Kemuma anapenda sana omena, na hajui kutulia akila.

Je, Monari ameomba mbwa?

"Hajaomba."

Amesema ataomba?

"Hajasema. Huenda asiseme." Anachota omena kwenye bakuli. "Lakini akisema, sitaki akute nilikuwa nimekaa tu."

Anaiondoa leso begani. Kisha mama huyu wa miaka hamsini na mmoja anainama mpaka mkono wake unafika kimo cha mtoto wa miaka mitano, na kuanza kuuzunguka ua hivyo hivyo, mgongo ukiwa umepinda, omena zikimdondoka kiganjani. Mtoto wa mbwa anamfuata nyuma bila kuokota hata moja.